Wembe, Kandambili na Masizi



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari za kazi ndogo ya mikono, ambayo yaweza kufanywa katika kila nyumba, hata nyumba isiyo na fedha. Mimi niliingia katika kazi hiyo kwa ajili ya wembe. Asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa Septemba 2025, niliutafuta wembe wangu wa kunyolea ndevu nisiuone. Nikatafuta kandambili zangu kuukuu za kuogea, nikaiona ya kushoto tu. Nilipomwuliza mama watoto, akanionyesha kwa kidevu upande wa jikoni. Kumbe nyuma ya jiko alikuwa amechutama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 14. Wembe mkono mmoja, kandambili ya kulia mkono wa pili, anachonga.

"Unafanya nini wewe?"

"Natengeneza muhuri, mjomba. Kama ule wa ofisini kwako."

Mtoto huyu amezoea kuja ofisini parokiani na kuniangalia nikigonga muhuri juu ya vyeti vya ubatizo. Basi alikuwa amechonga samaki, na chini yake neno SAMAKI. Samaki alikuwa mzuri, mnene, ana magamba. Lakini alipopaka masizi na kugandamiza juu ya karatasi, herufi zote zikatoka kinyume, kama zionekanavyo katika kioo. Alikasirika nusura atupe kandambili. Mimi nilicheka, kisha nikajionea haya kwa kucheka, maana nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa viazi vitamu, na siku ya kwanza niliandika jina langu mwenyewe kinyume mbele ya darasa zima. Sikumpiga. Nilimwambia: Andika kwanza kwa penseli nzito juu ya karatasi, kisha igeuze karatasi uso chini juu ya mpira, sugua mgongoni kwa ukucha, penseli itahamia kwenye mpira ikiwa imekwisha kugeuka. Chonga kwa kufuata alama ile.

Tangu siku hiyo jioni zetu zikawa na kazi.

Naeleza sasa kazi yenyewe, kwa sababu najua baadhi yenu mtataka kujaribu. Soli ya kandambili kuukuu yafaa sana, ila kwanza isuguliwe juu ya jiko la saruji au jiwe la kunolea mpaka ile mistari ya kuzuia utelezi iishe na uso uwe sawasawa. Ubao wa sanduku nao wafaa. Mninga usijaribu, sisi tulijaribu, tukavunja wembe na mtoto akakatika kidole. Wembe hukata mstari mwembamba, lakini haufai kuchimba sehemu pana. Chombo kizuri kabisa cha kuchimbia ni ubavu wa mwavuli uliokufa. Utazame: ule waya una mfereji ndani. Ukiukata kipande cha urefu wa kidole, ukaunoa mwisho wake juu ya jiwe, ukaupachika kwenye kipande cha tawi uwe na mpini, umepata patasi ndogo ambayo hutaipata dukani Tunduru.

Wino ndio uliotusumbua. Mara ya kwanza tulichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya ufuta. Picha ilitoka nyeusi ya kupendeza. Lakini siku tatu baadaye ilikuwa bado haijakauka, na mafuta yalienea katika karatasi yakafanya doa la manjano kuzunguka kila mstari. Mafuta ya kupikia hayakauki upesi, huo ndio ukweli wake. Mara ya pili tukatumia maji matupu na masizi; yakakimbia juu ya mpira kama maji juu ya jani la mgomba. Mama watoto ndiye aliyetuokoa. Alipika uji mzito wa unga wa muhogo, laini usio na madonge, akautia masizi yaliyochekechwa kwa kitambaa cha khanga kuukuu, na sabuni ya kipande kiasi cha punje ya mahindi. Uji hushika, na sabuni huufanya wino usikimbie. Paka kwa kipande cha sponji ya godoro, kidogo kidogo. Weka karatasi juu yake, na iwe na unyevu mdogo sana. Sugua mgongoni kwa kijiko cha mbao, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kisha ibandue polepole toka pembe moja. Kwa soli moja tumepata nakala zaidi ya 40 kabla mistari myembamba haijaanza kulala.

Na jambo moja la kukumbuka kuliko yote: ulichokata hakirudi. Penseli ina kifutio; wembe hauna. Palipobaki juu patatoka peusi, na palipochimbwa patatoka peupe. Ukikosea waweza kuzidi kuondoa tu. Kurudisha huwezi. Nimeliandika jambo hili mapema kwa sababu baadaye mtaona lilivyonifunga.

Mwezi wa Oktoba kijana alichonga msalaba, mkorosho, baiskeli ya jirani na bibi anayetwanga. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Nyote mwajua yaliyotokea: maandamano na machafuko Dar es Salaam na katika miji mingine, watu kuuawa, amri ya kutotoka nje usiku huko Dar es Salaam, na intaneti kukatika siku kadhaa. Hapa kijijini kwetu palikuwa kimya. Lakini ni nyumba gani ya kusini isiyo na mtoto Dar es Salaam? Watu walizunguka na simu mkononi kama waliobeba yai. Wakati wa jioni akina mama walikaa barazani bila kusimuliana hadithi. Mtandao uliporudi, zikaja zile picha, na watoto wakaziona kabla sisi wazazi hatujawaambia wasitazame.

Siku chache baadaye nilirudi nyumbani nikakuta picha tatu zimeanikwa kwenye kamba ya nguo. Kijana amelala barabarani, kandambili moja imemvuka mguuni. Simu iko karibu na mkono wake. Kando yake amesimama askari, mweusi tii toka kofia hata viatu, na bunduki. Hakukuwa na maneno.

Wasomaji wangu, nitawaambia nililofanya, ingawa si la kujisifu. Nilizitoa picha zile kwenye kamba kabla wino haujakauka vizuri. Mbili nikazitia jikoni motoni. Ya tatu ilikuwa imenikalia mkononi wakati jirani mmoja alipobisha hodi, nikaikunja upesi nikaichomeka ndani ya kitabu cha marehemu wa parokia, ambacho nilikuwa nimekuja nacho nyumbani kunakili hesabu za mwaka. Kisha nikamwita mpwa wangu.

Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto. Nikimwonya, baba yake hawezi kusema neno. Nikamwuliza: Ulimwona askari huyo kwa macho yako? Akasema hapana. Nikamwuliza: Je, darasani mwenu hamna mtoto wa askari? Akasema yupo, na ndiye rafiki yake, hukaa dawati moja. Nikasema: Basi atakapoiona picha hii utamwambia nini? Hapo alinyamaza. Nikamwambia amwondoe askari.

Nilidhani nimesema neno la hekima. Na sababu yangu ilikuwa na ukweli ndani yake, sikatai: mtoto hapaswi kumfanya baba wa mwenzake kuwa shetani kwa jambo ambalo huyo baba hakulifanya. Lakini ningekuwa namwungamia padre ingenibidi kuongeza kwamba niliogopa. Mimi ni karani, nakula kwa kalamu, nina watoto wanne.

Kijana alichukua ule ubavu wa mwavuli akamchimba askari wote, toka kofia hata viatu. Alipopiga chapa tena, mahali pale pakatoka peupe. Kijana aliyelala alibaki. Kandambili ilibaki. Kando yake pakawa na uwazi mweupe, mrefu kama mtu.

Mama watoto aliitazama, akasema, "Baba watoto, wewe umeandika vifo vya watu miaka mingapi katika kitabu kile? Leo karatasi ya mtoto imekutisha." Akaenda kuosha vyombo.

Niruhusuni sasa nitoke kidogo nje ya nyumba yangu.

Sisi wa mkoa wa Ruvuma si wageni wa fujo na vita. Mwenye kufika Songea na aende kwenye Makumbusho ya Majimaji, asimame penye kaburi la pamoja la wale walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na penye kaburi la Nduna Songea Mbano lililo peke yake. Vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi; ikafika Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake wameuawa njiani, na Septemba misheni ya Peramiho imechomwa. Kisha jeshi la Kijerumani likachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wamekadiria waliokufa katika vita na njaa hiyo, hata 1907 na baada yake, kufikia 250,000 au 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mwenyewe Songea, akasimama mbele ya ukoo wa Mbano, akaomba msamaha. Ilikuwa imepita miaka 117.

Lakini tazama picha za vita vile. Wale wanaume waliofungwa minyororo shingoni, wanaotazama mbele, nani aliyewapiga picha? Kamera zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Sisi tulibaki na masimulizi ya mdomo, nayo ni hazina, lakini mdomo hufa na mwenyewe. Mara nyingi nimejiuliza: kama mtoto mmoja wa Kingoni angechora juu ya ubao yale aliyoyaona mwaka ule, leo tungempa nini?

Na hapa nitawaambia jambo lililonishangaza nilipolisoma. Katika miaka ile ile, huko Berlin, mji mkuu wa hao hao Wajerumani, alikuwako mama mmoja aitwaye Käthe Kollwitz, mke wa daktari aliyetibu maskini. Kati ya 1902 na 1908 alikuwa akichora juu ya sahani za madini, kwa dawa na sindano, picha za wakulima wa kwao walioasi mabwana zao zamani sana, miaka ya 1524 na 1525, wakashindwa na kuuawa. Moja ya picha hizo, ya mwaka 1907, ni uwanja wa vita usiku: mama mzee ameinama na taa, anatafuta mwanawe katika maiti. Sijui kama alipata kusikia habari za Ungoni. Yeye alichora wakulima wake. Lakini mwaka 1907 mama wa namna ile walikuwako huku kwetu wengi, nao walitafuta bila taa.

Mwaka 1914 mama Kollwitz mwenyewe alipotewa na mwana vitani, kijana wa miaka 18. Baada ya hapo akageukia mbao. Alichonga picha saba za vita, akazimaliza mwaka 1922, nazo hazina mizinga wala bendera za ushindi. Zina wazazi wanaolia, na akina mama waliosimama duara, wamekumbatiana, watoto wamefichwa katikati. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, mama huyu alilazimishwa kutoka katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Bila shaka kuna watu wanaoogopa kipande cha ubao, na mimi si wa kwanza.

Nisingependa mseme hayo ni ya Wazungu. Kusini mwa Afrika alikuwako Azaria Mbatha, aliyezaliwa mwaka 1941 katika nchi ya Wazulu. Aliugua kifua kikuu, akalazwa hospitali ya misheni ya Ceza. Na humo, mgonjwa kitandani, akafundishwa kuchonga na Mswidi mmoja, Peder Gowenius, aliyekuja na mkewe. Walichonga linoleamu, ile inayotandikwa sakafuni. Mbatha akachonga hadithi za Biblia, za Yusufu na za Daudi, na watu wake wote ni Waafrika. Katika nchi ya ubaguzi, kumchonga Daudi mweusi mbele ya Goliathi halikuwa jambo dogo, wala halikuhitaji maelezo. Kituo hicho cha Walutheri kikahamia Rorke's Drift, na huko mwaka 1967 akaja John Muafangejo, Mwanglikana aliyezaliwa kusini mwa Angola na kulelewa katika misheni upande wa Namibia. Huyu alichonga maneno pia, mengi, yamejaa ukingoni na angani. Mwaka 1981 alichonga seminari ya Kianglikana iliyolipuliwa katika vita vya nchi yake. Katika nchi hiyo hiyo kiwanda cha chapa cha Walutheri huko Oniipa kililipuliwa mwaka 1973, kikajengwa upya, kikalipuliwa tena mwaka 1980. Sisi tusomao gazeti la kanisa kwa amani, tukilalamika tu kwamba limechelewa na basi, na tukumbuke Oniipa. Muafangejo alikufa mwaka 1987, miaka miwili na zaidi kabla ya uhuru wa Namibia.

Nikirudi nyumbani kwangu. Siku moja ya mwezi wa Desemba alikuja mzee jirani yetu, Mwislamu, mtu wa miaka zaidi ya 80, kunywa chai kama kawaida yake. Mpwa wangu akamwamkia, "Shikamoo, babu," akamletea kigoda. Ile picha ya pili ilikuwa imebandikwa ukutani kwa uji uliobaki. Mzee aliiangalia kwa muda mrefu; macho yake si mazuri. Akaweka kidole juu ya ule uwazi mweupe.

"Hapa alisimama nani?"

Mtoto akaniangalia mimi. Kisha akasema, "Babu, alikuwako askari. Mjomba amesema nimtoe."

Mzee hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema kwamba bibi yake, mzaa mama, alikuwa mtoto mdogo wakati wa njaa ya Majimaji. Kila alipowasimulia wajukuu, alifika mahali fulani akaruka. Alisema, "Tulikuwa watoto watano njiani," na mbele kidogo, "Tulipofika tulikuwa wawili." Wajukuu wakimwuliza, alikwenda kuangalia moto. "Amekufa na watatu wale," mzee alisema. "Mpaka leo sijui majina yao, wala nani aliwafanya nini." Akamaliza chai yake, akaaga.

Usiku ule nilifungua kitabu cha marehemu. Karatasi ilikuwa mahali pale pale, imekunjwa mara mbili, masizi yamechafua kidogo ukurasa wa mwaka 2019. Niliinyoosha. Sasa naona kwamba swali langu kwa mtoto, kama alimwona kwa macho yake, lilikuwa swali zuri, lakini jibu lake halikuwa kumchimba mtu akatoweka. Ningalimwambia achonge alichokiona yeye: baraza letu, na wale akina mama wenye simu mkononi. Au ningalimwacha askari awe mtu, awe na uso, ili mwenzake wa dawati moja amwone baba wa mtu na si shetani. Hayo yote yaliwezekana kabla ya wembe kupita. Maaskofu wetu Katoliki nao mwezi wa Novemba walilaani mauaji kwa sauti, mbele ya nchi nzima. Mimi karani nilikuwa nachoma karatasi jikoni.

Nilimwomba mpwa wangu radhi asubuhi. Si desturi sana kwa mjomba, nami nilisema haraka haraka, huku nikifunga kamba za viatu. Tumezibandika picha zote mbili ukutani, ile yenye mikunjo na ile yenye uwazi, pamoja. Padre alipokuja kula chakula cha mchana alizisimamia kitambo. Ameomba nakala ya ile ya pili kwa ajili ya chumba cha mafundisho ya dini, na nilipomwuliza kwa nini si ya kwanza, alisema ya kwanza ni moja tu na isiondoke nyumbani. Mtoto wa askari ameziona pia. Alikaa sana mbele yake, kisha akamwuliza mpwa wangu wino unatengenezwaje.

Sasa wako wawili nyuma ya jiko. Nimenunua pakiti ya nyembe na kuwapa ile kandambili ya kushoto. Wanachonga nini, hawajaniambia. Nikipita huifunika kwa mikono. Mama watoto amepika uji.